Shafti Iliyofungwa Siku ya Ndoa

Kondo Salehe alikuwa na ahadi moja tu siku ile, nayo ilikuwa nzito kuliko zote alizowahi kuzitoa na kuzivunja: kumwozesha binti yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Binti huyo aliitwa Zubeda. Kondo aliachana na mama yake, Chausiku, wakati mtoto akiwa bado anatambaa. Chausiku akarudi kwao Mbagala, na Kondo akahamia Boko, mbali huko kwenye barabara ya Bagamoyo, akaendelea na biashara yake ya nazi katika soko la Mabibo. Hakumtupa mtoto. Alimpelekea nguo, alimpelekea ada, na kila mwezi Mtukufu alimpelekea tende na nazi. Lakini yeye mwenyewe hakufika. Siku Zubeda alipohitimu kusoma Kurani, mzigo wa nazi ulikuwa umekwama Mkuranga. Siku ya mahafali yake ya kidato cha nne, mvua iliikata barabara. Sababu zake hazikuwa za uongo, na hilo ndilo lililomsumbua Kondo alipokuwa peke yake, kwa kuwa mtu mwenye sababu za kweli hana mahali pa kuanzia kujirekebisha.

Zubeda alipochumbiwa hakutuma mtu. Alikwenda Boko mwenyewe, akavua viatu barazani, akaketi mkekani mbele ya baba yake.

"Baba, mie sitaki kitanda wala vyombo," alisema. "Mama amenunua. Nataka kitu kimoja. Uje uniozeshe mwenyewe. Sitaki baba mdogo akae mahali pako."

Baba mdogo huyo alikuwa Abdulrahman, mdogo wake Kondo, ambaye aliishi karibu na Mbagala na ambaye ndiye aliyekuwa akijaza kila nafasi ambayo kaka yake aliiacha wazi.

"Nitakuja mwanangu," Kondo alijibu. "Tena nitakuja na gari langu. Nikishakuozesha, nitawapeleka mimi mwenyewe, wewe na mumeo, mpaka mlangoni kwenu."

Zubeda alicheka, akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Ndoa ikapangwa kufungwa Jumamosi, baada ya swala ya Alasiri, nyumbani kwa Chausiku.

Gari la Kondo lilikuwa dogo na la zamani, lile lenye kuvutwa na magurudumu ya mbele. Katika wiki ya ndoa likaanza kugonga. Kila alipokata kona, mguu wa mbele wa kushoto ulilia ka-ka-ka-ka, kama mtu anayevunja karanga kwa meno. Kondo aliujua ule mlio. Mwaka uliotangulia ulilia hivyo hivyo upande wa kulia, na fundi Gozbert alimwambia kuwa ni shafti, kile chuma kinachotoka kwenye gia boksi na kwenda kuzungusha gurudumu. Gozbert aliibadilisha palepale uani, Kondo akiwa ameshika tochi na kutazama kila hatua.

Safari hii Gozbert alikuwa Bukoba kwenye msiba. Kondo akaenda Ilala, akanunua shafti ya mtumba iliyokuwa na hali nzuri, na siku ya Jumamosi asubuhi akatandaza kadibodi chini ya mnazi wake mmoja uliobaki uani. Angeweza kutafuta fundi mwingine. Lakini moyoni mwake palikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: alitaka kumwambia Zubeda, "Gari hili linalokupeleka kwa mumeo, nimelitengeneza kwa mikono yangu." Kwa baba ambaye hakuwahi kumtengenezea mtoto wake hata kigari cha makopo, maneno hayo yalikuwa na utamu wake.

Bakari Mihambo alifika na kigoda chake mapema. Bakari alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Mnyamwezi wa Urambo, dereva mstaafu wa malori ya mbali, na alikuwa amealikwa harusini kama mtani wa familia. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wawili hawa waliutunza utani wao kama watu wengine wanavyotunza shamba. Hawakusalimiana bila kutukanana.

"Shikamoo mpagazi wangu," Kondo alisema kutoka chini ya gari. "Umekuja kubeba mizigo ya harusi?"

"Nimekuja kuona Mzaramo akifanya kazi," Bakari alijibu, akikaa. "Huko kwetu nikisimulia, wataniita mwongo. Nyie kazi yenu si kuuza shamba mkacheze ngoma?"

"Na wewe shamba unalokaa ulinunua kwa nani kama si kwa Mzaramo?"

"Ndiyo nasema! Ulipigiwa ngoma siku mbili, ya tatu ukaniuzia kiwanja."

Mke wa Kondo wa sasa, aliyekuwa akianika nguo, alicheka mpaka akaangusha vibanio.

Utani wao ulikuwa na mpaka mmoja tu. Jambo likiwa zito kweli, waliitana kwa majina ya baba zao. Siku mke wa Bakari alipofariki, Kondo aliruka ukuta, akamshika mkono na kumwita, "Mwana wa Mihambo." Na siku daktari alipomwambia Kondo habari ya sukari yake, Bakari alimwita, "Mwana wa Salehe, sikiliza." Nje ya hapo kila neno lilikuwa mchezo, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Sikukuu ya Idi iliyopita, Bakari alimnong'oneza Kondo mlangoni mwa msikiti kwamba kanzu yake imechanika nyuma. Kondo akatembea ubavuubavu kama kaa mpaka alipofika nyumbani, akaivua, akaikuta nzima kama ilivyotoka kwa fundi cherehani.

Kazi ilianza vizuri. Gari likiwa bado limekanyaga chini, Kondo alimweka Bakari kwenye kiti cha dereva akanyage breki, naye akaipandia spana kwa uzito wake wote mpaka nati kubwa ya katikati ya gurudumu ikaachia. Ndipo akapandisha gari kwa jeki, akasukumiza magogo mawili ya mninga chini ya chesisi ili jeki ikiteleza asije akafa siku ya harusi, akatoa tairi. Akafungua bolti za chini, akauvuta mguu wa gari pembeni, na kichwa cha shafti mbovu kikachomoka kwenye gurudumu. Upande wa ndani, ule ulioingia gia boksi, ulikuwa mgumu. Aliuchokonoa kwa mtaimbo, akabembeleza, akalaani, akaomba radhi kwa Mungu, akachokonoa tena. Ulipotoka, oili iliruka ikamwagika nusu kwenye beseni na nusu kifuani pake.

"Hongera," Bakari alisema. "Umezalisha."

Kuingiza shafti nyingine kulimchosha zaidi. Meno yake yalipaswa kuoana na meno ya ndani ya gia boksi, na nchani mwake palikuwa na pete nyembamba ya waya ambayo ilipaswa kuingia na kung'ata kwa mlio, ta! Kondo alikumbuka jinsi Gozbert, baada ya kusikia mlio huo, alivyoishika shafti kwa mikono miwili na kuivuta kama mtu anayetaka kung'oa muhogo, kuhakikisha kuwa haitoki. Naye alikusudia kufanya vivyo hivyo. Aliizungusha, akaisukuma, akaweka kipande cha ubao na kukigonga kwa nyundo. Ikaingia kidogo. Akagonga tena. Palisikika mlio. Huenda ulikuwa mlio wa pete, na huenda ulikuwa mlio wa chuma tu.

Wakati huohuo simu ikaita. Mkewe akaja kumwekea sikioni, maana mikono yake ilikuwa myeusi.

"Kaka, uko wapi?" Alikuwa Abdulrahman. "Shehe anauliza. Ana ndoa nyingine Charambe leo hii. Anasema kama wewe utachelewa, aende kwanza kule, sie atufungie baada yao. Nimwambieje?"

Kondo alilitazama gari lililokuwa na miguu mitatu. Akafikiria jinsi watu walivyokaa kule Mbagala wakingoja kusikia sababu yake ya leo. Aliona haya.

"Niko njiani," alisema.

"Kweli?"

"Niko njiani bwana! Mwambie shehe aanze na sisi."

Bakari alinyanyua uso, akatazama gari, akamtazama Kondo, akacheka. "Njia gani hiyo ya kulala chali?"

Kondo hakucheka. Tangu alipolitamka neno lile, kila dakika ilikuwa ya kulifukuzia. Aliurudisha mguu mahali pake, akafunga bolti, akakaza nati, akaongeza oili, akarudisha tairi, akashusha jeki. Ule mvuto wa mikono miwili, mvuto wa kung'oa muhogo, aliusahau chini ya gari pamoja na bisibisi yake. Akaoga kwa haraka, akajisugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikamwasha, akaswali Adhuhuri, akavaa kanzu nyeupe na kofia mpya ya kiua.

Alipotoka alimkuta Bakari, naye akiwa amevaa, ameinama akichungulia chini ya gari. Tone la oili lilikuwa limeanguka kwenye mchanga. Bakari aliinamia upande wa kulia, akarudi upande wa kushoto, akalinganisha.

"Mzaramo!" aliita. "Shafti yako ya huku imetoa ulimi. Ya kule imeingia mpaka shingoni, hii imebaki nje upana wa kidole. Inakucheka. Hebu lala uitazame."

"Nilale? Na kanzu hii?"

"Lala tu. Kwani kanzu nimeifua mimi?"

"Ah! Ulinipata na kanzu yangu siku ya Idi, leo unaitaka tena," Kondo alisema, akicheka. "Mnyamwezi, leo hunipati. Ingia kwenye gari."

"Nakwambia imetoka."

"Na nyuma imechanika pia, si ndiyo? Ingia, mpagazi, tusije tukakuacha."

Bakari alisimama kidogo, mkono ukiwa juu ya boneti. Pengine kama angemwita Mwana wa Salehe, siku yote ingegeuka. Lakini alikuwa amemtania tangu asubuhi, na ulimi uliokwisha kuzoea mteremko haupandi ghafla. Tena yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Malori aliyoyaendesha yalisukumwa na magurudumu ya nyuma, hayakuwa na shafti za mbele kama hii. Akatikisa kichwa, akaingia.

Gari liliondoka kimya. Kwenye kona ya kwanza Kondo alitega sikio, na ule mlio wa karanga haukuwapo. Kona ya pili, kimya. Akaupiga usukani kofi.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana yake! Husikii kitu!"

Walipita Tegeta, wakapita Mwenge, na njia nzima Kondo alikuwa akirudia maneno atakayosema. Aliyajua tangu zamani, maana alikwisha kuwa shahidi katika ndoa za watoto wa wenzake, lakini aliogopa kigugumizi. "Nimekuozesha binti yangu Zubeda," alisema kwa sauti, akimwangalia Bakari badala ya bwana harusi.

"Simtaki," Bakari alijibu. "Baba yake Mzaramo."

Wakacheka wote wawili. Walivuka Ubungo, wakaingia barabara ya Mandela kati ya malori ya makontena. Walipokaribia Mabibo, mahali ambapo Kondo alipita kila alfajiri kwenda sokoni, palikuwa na shimo mbele na lori ubavuni. Kondo alikata usukani kulia, gurudumu la kushoto likatumbukia na kutoka. Chini yao kukasikika mshindo mmoja mkavu. Injini ikapiga kelele kama imepewa uhuru, lakini gari halikusogea. Aliweka gia, akakanyaga mafuta. Kelele ikazidi, magurudumu yakatulia tuli.

Vijana wa bodaboda walisaidia kulisukuma mpaka pembeni. Nyuma yake gari lilikuwa limeacha mstari mrefu wa oili. Sasa Kondo hakuikumbuka kanzu. Alilala chini, juu ya changarawe na takataka za barabarani, akatazama. Shafti ilikuwa imechomoka kwenye gia boksi na kuning'inia, na ile pete ndogo ya waya ilikuwa bado inang'aa, haijakwaruzwa hata kidogo. Haikuwa imeng'ata kamwe.

Watu walikuwa tayari wakitoka kuswali Alasiri katika msikiti wa upande wa sokoni.

Alipotoka chini ya gari, Bakari alikuwa amesimama mikono nyuma. "Nilikwambia," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaongeza, "Ila nilikwambia vibaya."

"Uliniambia kama unavyoniambia siku zote."

"Ndiko kusema vibaya kwenyewe."

Kondo alitoa simu mfukoni. Alitaka kumlaumu, lakini alijua kuwa mtu huvuna utani alioupanda mwenyewe. Akapiga simu.

"Uko wapi?" Abdulrahman aliuliza. Nyuma yake palikuwa na sauti za watu wengi na mlio wa sahani.

"Nimeharibikiwa. Niko Mabibo. Nachukua bodaboda sasa hivi, nitafika."

"Mabibo?" Abdulrahman alirudia. "Kaka, tangu adhuhuri uko njiani, saa hizi uko Mabibo? Shehe alitaka kutangulia Charambe, nikamzuia mie! Nikamwambia kaka yangu yuko njiani. Kule wanamngoja, ameshasimama. Na Mandela yote leo imefunga, hata bodaboda haipiti."

"Mwombe anisubiri."

"Tumeshamwomba. Subiri, usikate."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Kisha ikaja sauti ya Zubeda, ndogo na tulivu, ya mtu aliyekwisha kupambwa na asiyetaka wanja uchuruzike.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Zubeda, nisikilize. Gari lilikuwa zima. Nimelitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu..."

Maneno aliyoyatunza wiki nzima yalikuwa yametoka, na yalikuwa yamegeuka kuwa sababu kama zile nyingine.

"Umeumia?" Zubeda aliuliza.

"Hapana. Sijaumia."

"Alhamdulillahi. Basi mpe baba mdogo uwakala. Shehe anasema kwa simu inafaa."

"Nilikuahidi."

"Najua, baba. Usijali. Sie tumeshazoea."

Hakulisema kwa kisasi. Lau angelia, lau angefoka, Kondo angepata mahali pa kushika. Alilisema kama mtu anayemwondolea mgeni aibu ya kuvunja kikombe.

Shehe akaichukua simu, akamtaka aseme maneno mbele ya mashahidi. Kondo alisimama kando ya barabara ya Mandela, sikio moja amelifunika kwa kiganja chenye oili, akasema kwa sauti ya kushindana na malori: "Mimi, Kondo bin Salehe, nimempa uwakala ndugu yangu Abdulrahman amwozeshe binti yangu Zubeda, kwa mahari waliyokubaliana." Hakupata kigugumizi. Wapita njia waligeuka kumtazama mzee mwenye kanzu iliyochafuka, aliyekuwa akimwozesha mtu hewani.

"Usikate, kaka," Abdulrahman alisema. "Naiacha wazi, usikie."

Akasikia. Si yote, lori la kokoto lilipita na maneno ya hotuba. Alisikia sauti ya mdogo wake ikisema, "Nimekuozesha Zubeda binti Kondo, kwa uwakala wa baba yake." Alisikia kijana asiyemfahamu akijibu kwamba amekubali. Kisha vigelegele vikapasuka, simu ikaangukia kitambaani au mfukoni, na kikabaki kishindo cha watu waliofurahi.

Bakari alikuwa amesimama mbele yake, akikinga upepo na vumbi kwa joho lake, kama watu wanavyomkinga anayewasha moto.

"Mwana wa Salehe," alisema, "twende."

Waliliacha gari chini ya uangalizi wa muuza vocha na kupanda bajaji. Njia nzima hawakutaniana. Walipofika Mbagala jua lilikuwa limelegea, shehe alikwisha kwenda Charambe, na chini ya turubai watu walikuwa wakila. Kondo alisimama mlangoni akitafuta mahali pa kuficha ubavu wenye oili. Kule mbele, kwenye mkeka wa wazee, Abdulrahman alikuwa ameketi bega kwa bega na bwana harusi, na bwana harusi alikuwa akimkatia nyama.

Kijana mmoja wa kugawa chakula alimjia Kondo na birika la kunawa. Alimtazama kanzu, lakini adabu yake ilikuwa njema.

"Shikamoo mzee. Karibuni. Nyie ni wa upande gani, wa bwana harusi au wa bibi harusi?"

Bakari alifumbua kinywa, Kondo akamgusa mkono anyamaze.

"Wa bibi harusi," alisema.

"Basi kaeni hapa mwanzoni, sahani zinakuja."

Kijana akammiminia maji. Kondo alisugua mikono yake, akasugua tena, na maji yaliyoanguka kwenye beseni yalikuwa meusi.